Kinanda cha Kukunja na Uzito wa Kidole

Kinanda cha kukunja ni ala ya umeme, mara nyingi yenye vitufe 88, idadi ileile ya piano kamili, iliyogawanywa vipande viwili au vinne na kuunganishwa kwa bawaba ili ifungwe kama kitabu. Kikifungwa huingia kwenye begi la mgongoni. Kikifunguliwa hutaka meza yenye urefu wa meta moja na robo hivi. Uzito wake kwa kawaida haufiki kilo tano, na ndani yake mna betri ya kuchaji, spika mbili ndogo, tundu la hedifoni na njia ya kuunganisha na simu au kompyuta. Piano ya tamasha ya Steinway, ile ya modeli D, ina urefu wa sentimeta 274 na uzito wa karibu kilo 480. Kuihamisha kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine ni kazi ya wabebaji kadhaa na lori. Si ajabu basi kwamba mpiga piano anayeishi kwa kusafiri, mwanafunzi wa chumba cha kupanga na mwalimu wa kwaya wa parokia yenye vigango vingi hukitazama kinanda hiki kwa matumaini. Linalohitaji kupimwa ni kama mkono uliofunzwa kwa piano unaweza kuifanya kazi yake yote juu yake.

Tamaa ya kukunja kinanda haikuanza na betri. Mwaka 1700 fundi wa Paris, Jean Marius, alipewa kibali cha kifalme cha kutengeneza hapsikodi ya safari, iliyokatwa vipande vitatu vyenye bawaba na kufungwa kuwa sanduku la kubebeka. Ilipendwa na watu wakubwa. Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia alikuwa nayo. Mwaka huohuo, huko Firenze nchini Italia, iliandikwa orodha ya ala za familia ya Medici, na ndani yake ikatajwa ala mpya ya fundi Bartolomeo Cristofori, yenye uwezo wa kutoa sauti ndogo na sauti kubwa kwa vitufe vilevile. Ala hiyo ndiyo piano, nayo jina lake imelipata katika uwezo huohuo: piano ni sauti ndogo, forte ni sauti kubwa.

Vumbuzi hizi mbili, zilizoandikwa mwaka mmoja, zinaeleza mengi kuhusu kinanda cha leo. Hapsikodi hukwanyua uzi kwa ncha ndogo ya unyoya. Kitufe kibonyezwe kwa nguvu au kwa upole, uzi hukwanyuliwa vilevile, na sauti hubaki karibu palepale. Kwa hiyo Marius alipoikata na kuitia bawaba hakuipotezea kitu kikubwa, kwani ala yenyewe haikuwa ikimuuliza mpigaji habari za uzito wa kidole. Piano humuuliza hivyo katika kila nota. Mtengenezaji wa kinanda cha kukunja anataka ahadi zote mbili zitimie pamoja, ile ya Paris ya kubebeka na ile ya Firenze ya kusikia kidole, na ugumu wote wa ala hii unaanzia hapo.

Katika piano ya nyundo, kidole hakigusi uzi. Kitufe hunyanyua nyundo, na milimita chache kabla nyundo haijafika kwenye uzi, mtambo huiachia. Nyundo huruka peke yake, hupiga, kisha huanguka. Tangu inapoachiwa, hakuna analoweza kufanya mpigaji kuibadilisha nota hiyo ila kuishikilia au kuikata. Alichokituma ni kasi ya nyundo tu. Jambo hili ni la faraja kwa mafundi wa umeme, maana kasi hupimika. Chini ya kila kitufe cha kinanda huwekwa viguso viwili, kimoja hufunga kabla ya kingine, na saketi huhesabu muda uliopita kati yao: muda mfupi ni pigo la nguvu, muda mrefu ni pigo la upole. Kipimo hicho huandikwa kwa namba kuanzia 1 hadi 127, kwa utaratibu wa MIDI ambao watengenezaji wa ala waliafikiana mwaka 1983. Kwa hesabu, ngazi 127 zatosha kabisa. Ni sikio adimu litakalotofautisha ngazi ya 60 na ya 61.

Tatizo haliko kwenye hesabu. Liko kwenye mkono unaoituma hesabu hiyo. Kidole hakiwezi kuchagua kasi bila kuhisi ukinzani, kama vile mtu asivyoweza kumimina chai vizuri kutoka kwenye birika asilojua limejaa kiasi gani. Kitufe cha piano nzuri huanza kushuka kinapobebeshwa uzito wa gramu 50 hivi kwenye ukingo wake, nacho hushuka milimita 10 au karibu na hapo. Kwa kuwa nyuma yake kuna nyundo ya kweli ya kunyanyuliwa, hukataa zaidi kadiri kinavyoharakishwa: kisukume taratibu nacho kitakubali, kisukume ghafla nacho kitakurudishia uzito. Ni kukataa huko kunakomfundisha mpigaji, mwaka baada ya mwaka, kiasi cha sauti kabla sauti haijatoka. Kinanda cha kukunja hakina nyundo. Vitufe vyake hurudishwa juu na springi au na vikombe vya mpira, na ukinzani wa springi huongezeka kadiri inavyobanwa, si kadiri inavyoharakishwa. Mkono hupokea habari tofauti na ile iliyozoea kuitegemea, tena huipokea ikiwa imechelewa, kitufe kikiwa kimeshafika chini.

Jaribio moja linatosha kulidhihirisha hili, nalo halihitaji kipande kigumu. Ni Preludi ya Chopin katika E ndogo, ya nne katika Opus 28, ambayo mwanafunzi wa miaka michache huweza kuisoma. Mkono wa kulia hushika nota ndefu, B, huigusa C iliyo juu yake, hurudi B. Mkono wa kushoto hurudia akodi ya nota tatu mara nane katika kila kipimo, na baada ya marudio machache nota moja ya akodi huteremka nusu hatua, kisha nyingine, kama kuta za nyumba ya udongo zinazonyong'onyea polepole baada ya mvua. Muziki wote wa ukurasa ule umo katika mkono huo wa kushoto. Akodi lazima zisikike lakini zisisimame mbele. Nota inayoteremka lazima izidi wenzake kwa kiasi kidogo sana, msikilizaji aione bila kuonyeshwa.

Kwenye piano ya wima ya kawaida, hata iliyochakaa kidogo, vidole vitatu huweza kufundishwa kugawana uzito huo. Kwenye kinanda cha kukunja cha bei nafuu mambo hutokea hivi: akodi ya kwanza hutoka vizuri; ya pili, mpigaji akipunguza mkono, kidole cha kati kinapita bila kutoa sauti, na akodi hubaki na tundu; ya tatu, akiongeza kidogo ili tundu lizibwe, nota zote tatu huruka juu pamoja. Anabaki akitafuta njia nyembamba kati ya ukimya na makelele, na njia hiyo haipatikani mara mbili mahali pamoja. Ni haki kusema kwamba hata piano ya kweli hunyamaza kitufe kikishushwa polepole mno. Ila kwenye piano ukingo wa ukimya huhisika chini ya kidole, na wapigaji wakubwa hutembea juu yake kwa makusudi. Kwa sababu hiyo ala ya aina hii ihukumiwe kwa sauti yake ndogo. Sauti kubwa kila kinanda kinaweza. Ni suala la kuongeza volyumu.

Kasoro ya pili haionekani kwa macho, na wauzaji huwa hawaitaji. Kitufe ni wenzo, kina egemeo lake. Katika piano kubwa ya tamasha egemeo liko ndani kabisa, zaidi ya sentimeta 20 kutoka ukingo anaouona mpigaji, hivyo kidole kikiingia katikati ya vitufe vyeusi bado kina wenzo mrefu wa kutumia. Katika kinanda cha kukunja hakuna nafasi hiyo. Egemeo hukaa papo hapo nyuma ya sehemu inayoonekana. Yeyote aliyewahi kusukuma mlango mzito kwa kuushika karibu na bawaba anajua maana yake. Tuseme egemeo liko sentimeta 15 kutoka ukingoni, na kidole kimebonyeza sentimeta 10 ndani: umbali uliobaki ni sentimeta 5, theluthi ya wenzo wote. Nguvu inayotakiwa huwa mara tatu, na kitufe hushuka pale theluthi tu ya kina chake. Vipande vya Bach vyenye shapu na flati nyingi, ambavyo humlazimu mpigaji kuweka kidole gumba kwenye kitufe cheupe huku vidole virefu vimekaa kwenye vyeusi, huwa vya kuchosha bila sababu ya kimuziki. Mwanafunzi asiyeambiwa hudhani mkono wake ni dhaifu.

Upana, kwa bahati nzuri, hupimika dukani kwa rula. Kwenye piano ya kawaida oktavu moja, yaani vitufe saba vyeupe, ina sentimeta 16.5 hivi. Vinanda vingi vya kukunja vya vitufe 88 huheshimu kipimo hicho; vingine hukibana ili begi liwe dogo, na hivyo havifai kwa kazi yoyote ya piano hata kama vina sifa nyingine zote. Mkono hukumbuka umbali kama mguu unavyokumbuka ngazi za nyumbani gizani. La Campanella ya Liszt humtaka mpigaji aruke oktavu mbili na kutua juu ya kitufe kimoja chembamba kwa kasi isiyoruhusu macho kusaidia. Aliyejizoeza mruko huo kwenye oktavu ya sentimeta 15 amejifunza kukosea.

Kuhusu bawaba yenyewe, hofu ya wengi ni kubwa kuliko haja. Mkunjo kwa kawaida hupitishwa mahali ambapo vitufe viwili vyeupe vinapakana bila cheusi kati yao, B na C au E na F, na kidole hukizoea kijipengo hicho ndani ya siku chache. Kinachosumbua zaidi ni uthabiti. Mbuzi ya kukunia nazi hukunjwa, na marufaa ya kuwekea msahafu hukunjwa, lakini vyote viwili hukazwa na uzito vinaoupokea: mkunaji akiketi, mbuzi haisogei; kitabu kikilazwa, marufaa hujifunga. Kinanda cha kukunja hakina fadhila hiyo. Mkono ukishuka kwa nguvu upande wa nota za chini, upande wa pili huweza kunyanyuka, na katika mapigo mazito chombo kizima huteleza juu ya meza. Meza imara na kitambaa cha mpira chini yake huondoa sehemu kubwa ya usumbufu huu.

Marudio ya haraka ni sehemu ambayo kinanda hiki hushangaza kwa wema. Mwaka 1821 ilitolewa hataza ya mtambo wa Sébastien Érard unaoiwezesha nyundo kupiga tena kabla kitufe hakijarudi juu kabisa, na bila mtambo huo muziki kama Scarbo ya Ravel, ya mwaka 1908, na nota zake zinazotetemeka, usingechezeka. Kitufe chepesi cha springi hurudi upesi sana, kwa hiyo marudio huwezekana, japo chenye viguso viwili tu hulazimika kupanda juu zaidi kuliko cha piano kabla ya kukubali pigo jipya.

Pedali ni habari nyingine. Inayokuja ndani ya boksi ni swichi ya mguu: imewashwa au imezimwa. Pedali ya kulia ya piano hunyanyua vizimio vyote juu ya nyuzi, na kati ya chini na juu kuna hatua nyingi. Mguu uliofunzwa huacha vizimio vikigusa nyuzi kwa mbali, ukungu wa sauti ukabaki nusu, wa zamani ukafutika huku mpya ukiingia. Beethoven, katika Sonata ya Waldstein ya miaka ya 1803 na 1804, aliandika pedali inayoshikiliwa huku akodi zikibadilika, na Debussy karne moja baadaye alijenga kurasa nzima juu ya ukungu wa namna hiyo. Kwa swichi, kurasa hizo huwa ama tope ama mfupa mtupu. Vinanda vichache hukubali pedali ya hatua iliyonunuliwa kando, na mnunuzi makini aulize jambo hilo kabla ya kuuliza idadi ya sauti za filimbi na gitaa.

Spika ndogo haziwezi kutoa mtetemo wa nota ya chini kabisa ya piano, A yenye hezi 27.5; sikio hulijenga lile linalokosekana kutokana na sauti za juu yake, nalo huchoka. Hedifoni nzuri hurekebisha hili kwa kiasi kikubwa, zikiwa za waya. Zisizo na waya huchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na sauti husafiri takriban meta 34 katika muda huo. Ni sawa na mpigaji kukaa mwisho wa ukumbi na kujisikiliza kutoka jukwaani.

Baada ya kasoro zote hizo, ingekuwa dhuluma kunyamazia kazi ambazo kinanda hiki kinazifanya vizuri. Sehemu kubwa ya kazi ya mpiga piano haiko kwenye sauti. Kuna kusoma nota mpya, kuchagua vidole vitakavyotumika, kuweka kipande kichwani, kusikia mwendo wa sauti nne za tenzi kabla ya mazoezi ya kwaya, kuhamisha wimbo kwenda ufunguo ulio chini kwa ajili ya soprano aliyeshikwa na mafua. Kazi hizi hufanyika hotelini, garini, au usiku katika nyumba yenye watoto waliolala, na kinanda cha kukunja huzitosheleza bila deni. Mahali ambapo umeme hukatika, betri yake ni neema ya kweli. Katika mwambao wetu, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, ambako unyevu huvimbisha mbao na hewa ya chumvi huzitia nyuzi kutu, ala isiyo na uzi wala ubao wa mwangwi hubaki katika sauti yake mwaka mzima, jambo ambalo piano ya wima isiyo na fundi wa karibu haiwezi kuliahidi.

Watetezi wa kinanda hiki hupenda kukumbusha kwamba muziki mkubwa umewahi kutoka kwenye ala mbaya. Ni kweli. Chopin, akiwa kisiwani Majorca katika majira ya baridi ya 1838 na 1839, alifanya kazi kwenye piano duni ya kienyeji huku piano yake ya Pleyel ikiwa imekwama njiani na forodhani, na ni huko alikozikamilisha Preludi za Opus 28, pamoja na ile ya E ndogo. Mpiga piano wa jazi Keith Jarrett, tarehe 24 Januari 1975 mjini Cologne, aliletewa piano ndogo isiyo ile aliyoiomba, yenye nota kali za juu na pedali mbovu. Akakaa zaidi katikati ya kinanda, akarudia mifumo ya mkono wa kushoto, na rekodi ya usiku ule ikawa miongoni mwa zinazopendwa zaidi katika muziki wa piano peke yake. Lakini ala hizo mbili, kwa udhaifu wake wote, zilikuwa na nyundo. Zilimkatalia mpigaji baadhi ya vitu na bado zikamsikia. Jarrett aliweza kuzikwepa nota za juu kwa sababu za katikati zilimjibu. Kinanda ambacho kila kitufe chake ni cha springi hakina katikati ya kukimbilia.

Wanaotahini wameliona hilo. Bodi ya mitihani ya muziki ya ABRSM ya Uingereza, ambayo mitihani yake hufanywa pia Kenya, hukubali piano ya umeme, ila kwa sharti kwamba vitufe viwe vya ukubwa kamili na vyenye uzito, vyenye mwendo unaofanana na wa piano ya kawaida, pamoja na pedali. Vinanda vya kukunja karibu vyote huangukia neno moja katika sharti hilo, uzito. Neno hilo halikuwekwa kwa ajili ya kumtesa mtahiniwa maskini. Mwanafunzi aliyefanya mazoezi miezi sita kwenye kitufe chepesi, akaketi siku ya mtihani mbele ya piano ya nyundo, hukuta vidole vyake havifiki chini. Trili hukwama, skeli za haraka hupoteza nota, na kipande alichokijua kwa moyo humgeuka mikononi.

Kwa mwenye fedha za ala moja tu na nia ya kupiga piano mbele za watu, basi, ni afadhali piano ya umeme isiyokunjwa, yenye vitufe vya uzito, hata iliyotumika. Yamaha P-45, kwa mfano, ina kilo 11.5; haiingii begini, lakini mtu mmoja huweza kuibeba kwenye mfuko wake na bajaji huifikisha kanisani. Aliyekwisha kuwa na piano nyumbani au chuoni anaweza kununua kinanda cha kukunja bila majuto, akitumie njiani kama daftari la mazoezi, na kila juma akirudishe kipande kwenye nyundo kabla hakijakaa vibaya mkononi. Na akifika dukani asipige kwa nguvu. Apige akodi tatu za mkono wa kushoto kwa sauti ndogo kuliko zote awezazo, arudie mara nane, ahesabu ni nota ngapi zimenyamaza.